Mstari Mweupe

Mama alikuwa na kipimo chake.
Hakuuliza ulikuwa wapi.
Alikushika mkono, akauvuta mwangani,
akapitisha ukucha wa kidole gumba
toka kiwiko hadi kifundo.
Ukibaki mstari mweupe kama chaki, umetoka mtoni.
Usipobaki, nawa, ule.

Na mto ulikuwa hapo chini tu.
Kutoka Mshindo unateremka, mji unabaki mgongoni,
unapita Ipogolo, malori ya Zambia yakikohoa breki,
unaliacha daraja, unafuata matuta ya vitunguu
mpaka usikie sauti ya maji imebadilika:
Ruaha Mdogo anaacha kubishana na mawe,
anaguna mara moja, ananyamaza.
Hapo ndipo Chungu.

Tulikiita Chungu kwa ule mviringo wake,
na kwa sababu Oresto aliapa kwamba kina kitako.
Yeye peke yake ndiye aliyewahi kukigusa,
akaibuka na kokoto kiganjani kama stakabadhi.
Sisi wengine tuliishia kwenye giza la kijani,
masikio yakilia, tukapanda.

Julai maji yale hayana huruma.
Yanakuuma vifundo, halafu magoti,
halafu pale ambapo hata mtoto wa katekista hutukana.
Ndiyo maana hatukuingia, tuliruka.
Lilikuwapo jiwe la juu, refu kama paa la darasa.
Unahesabu moja, mbili,
tatu unaisema ukiwa hewani.

Wakati wa kurudi tulijibanza nyuma ya mashine ya kusaga,
tukagawana mafuta ya mgando ya dada yake Castory,
punje ya hindi kwa kila mkono.
Miguu haikuhesabiwa.
Siku moja nikazidisha. Mama akanusa:
"Leo tunaoa?"
Nikala fimbo za mpichi, mbichi, zenye majani.

Juzi nilikwenda tena.
Pampu mbili zimetumbukiza mipira Chunguni
zinakunywa kwa niaba ya nyanya.
Chupa ya dawa ya wadudu imekwama kwenye matete,
kifuniko chake hakipo.
Oresto yuko Makambako, anauza mbao, goti limemkataa.
Nilivua viatu. Nikakunja suruali,
nikaikunjua,
nikaivua.
Mtu mzima, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo,
nikaingia polepole kama asiyealikwa.
Palipokuwa na giza la kijani
maji yalinifika kifuani.
Nilikigusa kitako cha Chungu kwa unyayo,
nimesimama, kichwa kikavu,
nikiwaona kijana wa pampu na baiskeli yake.
Miaka yote nilikitaka kile kitako.
Nikatoka bila kuokota kokoto.

Jioni nikamkuta mama kibarazani na jiko lake.
Macho yake siku hizi yanatofautisha mchana na usiku, basi.
"Kamwene, mama."
"Kamwene."
Akanishika mkono, nikadhani ananisalimu.
Ukucha ukapita, kiwiko hadi kifundo.
Mstari hauoni; aliusikiliza,
ule mkwaruzo mdogo wa ngozi iliyokauka.
"Mtoni," akasema.
Sikukana.

Akapepea mkaa. Akakaa kimya
kiasi cha sufuria kuanza kuimba.
"Lile jiwe la juu bado lipo?"

Sikuwahi kumtajia jiwe.
Nani angemtajia? Tungechapwa wote.
"Lipo," nikasema.

"Na ule ufa wa upande wa kushoto,
unapowekea kidole cha mguu
kabla hujaruka?"

Nikautazama mguu wake
ndani ya soksi ya sufu, karibu na jiko.
Kidole gumba kilikuwa kinajikunja
na kujikunjua.